Picha ni safi kwenye kompyuta, ukungu ndani ya kozi: ubora unapotelea wapi?

Mkufunzi_Michoro (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Uzi huu ni wa walimu, wakufunzi na kila anayetengeneza kozi za mtandaoni. Lalamiko ninalokutana nalo kuliko yote ni hili: mtu ana mchoro safi kwenye kompyuta yake, herufi ndogo zinasomeka, mistari imenyooka. Akiupakia kwenye programu ya kozi unatoka na ukungu, herufi zimezungukwa na madoadoa ya kijivu. Anaongeza ukubwa wa faili, anapakia tena, hali ni ileile. Mwisho anauacha hivyohivyo, na anayeumia ni mwanafunzi. Mchoro wa mzunguko wa umeme ambao namba zake hazisomeki haumsaidii mtu anayejifunza peke yake bila mwalimu wa kumuuliza.

Msimamo wangu ni mmoja: usianze kurekebisha picha kabla hujajua inaharibikia wapi. Ubora unaweza kupotea kabla hujapakia, unaweza kupotea programu inapoipokea, na unaweza kupotea kivinjari kinapoionyesha. Kwa macho dalili zinafanana sana, ila dawa zake ni tofauti, na dawa ya tatizo moja inaweza kulizidisha jingine.

Kwa hiyo pima kwanza. Fungua ukurasa wa kozi kama anavyoufungua mwanafunzi, hakikisha ukuzaji wa kivinjari uko kwenye asilimia 100, kisha bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uihifadhi. Sasa unazo faili mbili, ile uliyopakia na hii uliyoishusha. Linganisha upana na kimo kwa pikseli (vile vinukta vinavyounda picha), uzito wa faili, na aina yake.

Zikilingana hadi baiti ya mwisho, programu haijagusa kitu. Ama picha yako iliharibika mapema, ama tatizo ni la kuonyeshwa. Pikseli zikiwa zimepungua, programu imeipunguza. Pikseli zikiwa zilezile lakini faili imekuwa nyepesi, au imeingia PNG ikatoka JPEG, basi imebanwa upya. Kazi hii haichukui muda, na inakuokoa na kubahatisha.

Kabla ya kupakia

Picha nyingi zinazolalamikiwa zilikuwa zimeshaumia kabla ya kufika kwenye programu. Mtu anapiga picha kwa simu, anajitumia kwa WhatsApp, anaishusha kwenye kompyuta, anaibandika kwenye Word, anapiga picha ya skrini ya ule ukurasa wa Word, ndiyo anayoipakia. Kila hatua hapo imepunguza kitu. Ukitaka kuhamisha picha kwa WhatsApp, itume kama hati, hapo faili inafika kama ilivyo. Ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa.

Word na PowerPoint nazo zinaweza kubana picha unapohifadhi kazi. Kwenye toleo la Windows nenda File, Options, Advanced, tafuta sehemu ya Image Size and Quality, weka alama kwenye kisanduku cha kuzuia kubana. Na kama picha unayoitaka imo ndani ya slaidi za zamani, usiipige picha ya skrini. Nakili faili ya slaidi, badilisha mwisho wa jina kutoka .pptx kuwa .zip, ifungue, ingia folda ya ppt kisha media. Picha zote zimo humo kama PowerPoint ilivyozihifadhi, mara nyingi kubwa kuliko zinavyoonekana kwenye slaidi.

Halafu kuna suala la aina ya faili, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu ndipo penye mzizi wa mambo mengi.

JPEG ni kiwango cha mwaka 1992 na kilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Kinaigawa picha katika vipande vya mraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kipande kinatupa maelezo madogo ambayo jicho halitagundua yakikosekana kwenye uso wa mtu, majani au mawingu. Kwenye mchoro mambo yanageuka. Ukingo wa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe ni badiliko la ghafla, na JPEG haiwezi kulieleza badiliko la ghafla bila maelezo yale madogo inayoyatupa. Ndiyo maana unaona madoadoa kuzunguka herufi. Tena JPEG nyingi huhifadhi rangi kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, mwanga pekee ndio unaobaki kamili. Matokeo yake maandishi mekundu na mistari ya buluu huumia zaidi kuliko nyeusi. Na kila ukifungua JPEG, ukairekebisha na kuihifadhi tena kama JPEG, hasara inaongezeka juu ya hasara.

PNG, iliyotoka 1996, hubana bila kutupa chochote. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Kwa michoro, grafu, majedwali na picha za skrini, hiyo ndiyo chaguo. Uzuri wake ni kwamba mchoro wenye maeneo mapana ya rangi moja hutoka mwepesi, wakati mwingine mwepesi kuliko JPEG yake. Ila ukiweka picha ya kamera ndani ya PNG faili inavimba bila faida yoyote ya macho.

SVG haihifadhi pikseli kabisa, huhifadhi maelezo ya mistari na maumbo, kwa hiyo haipati ukungu hata ukiikuza vipi. Kama mchoro umechorwa kwenye Inkscape au programu ya grafu inayoweza kutoa SVG, na programu yako ya kozi inaikubali, usihangaike na kingine.

Jambo moja la kuacha leo: kuhangaika na namba ya DPI (nukta kwa kila inchi). Picha ya pikseli 1600 ni picha ya pikseli 1600, iwe imeandikwa 72 au 300 ndani yake. Namba hiyo ni ya mashine ya kuchapa, ukurasa wa wavuti hauisomi.

Programu inapoipokea

Hapa kila programu ina tabia yake. Moodle kwa kawaida huhifadhi faili kama ulivyoipakia, haibani. Kwa hiyo ukiona ukungu ndani ya Moodle, angalia kwanza faili yako na jinsi inavyoonyeshwa. Articulate Rise hubana picha inapozipokea, lakini wametoa njia ya kuizuia: ongeza _NOPROCESS_ kwenye jina la faili, pamoja na mistari ya chini, kabla ya kupakia. Nashauri utumie hiyo baada tu ya kuitayarisha picha kwa saizi sahihi, maana ukiipa picha nzito ya kamera yenye jina hilo, itamfikia mwanafunzi na uzito wake wote.

Storyline nayo ina mipangilio ya ubora wakati wa kuchapisha, na ubora wa JPEG unaweza kuupandisha hapo. Lakini kuna jambo watu wengi hulipita bila kuliona. Kama mradi wako una upana wa pikseli 720 na umeuruhusu ujinyooshe kujaza dirisha lote la kivinjari, picha zinavutwa karibu mara mbili kwenye skrini ya kawaida. Kupandisha ubora wa JPEG hakutaondoa ukungu huo. Ama anza mradi ukiwa mpana zaidi, ama ufunge usijinyooshe.

Kivinjari kinapoionyesha

Hili ndilo kundi linalosahaulika. Tuseme safu ya maandishi kwenye kozi yako ina upana wa 800, nawe ukatayarisha picha ya pikseli 800 kamili. Kwenye skrini ya zamani itakaa sawasawa. Lakini simu nyingi na kompyuta mpakato nyingi za sasa zina pikseli mbili au tatu halisi pale ambapo ukurasa unahesabu moja. Kivinjari kinalazimika kuivuta picha yako, na kuvuta ni kubuni pikseli ambazo hazipo. Tayarisha picha yenye upana mara mbili ya nafasi yake. Nafasi ya 800, picha ya 1600. Kwenye skrini ya kawaida kivinjari kitaipunguza kwa nusu kamili, na nusu kamili hutoka safi.

Kinachotoka vibaya ni uwiano wa ovyo. Kihariri cha kozi kinakuruhusu ushike kona ya picha na kipanya uivute. Picha ya 1000 inajikuta kwenye nafasi ya 937, mstari wa pikseli moja unaangukia katikati ya pikseli mbili, unagawanyika na kufifia. Kwa picha ya maua hutaliona. Kwa picha ya skrini ya programu ya mahesabu utaliona mara moja. Achana na kuvuta kona, andika vipimo kwa namba au iachie picha ijaze safu.

Kujua ukweli wa hili, kwenye Chrome bonyeza F12, tafuta picha ndani ya msimbo wa ukurasa, weka kipanya juu ya anwani yake. Itakuonyesha saizi inayoonyeshwa na saizi halisi ya faili. Namba hizo mbili zikigombana, umempata mkosaji.

Karibuni tujadili.

---

fundi_seva

Uzi umenyooka, mkuu. Niongeze upande wa WordPress kwa sababu programu nyingi za kozi, LearnDash na Tutor LMS zikiwemo, zimekaa juu yake, na tabia ya picha inatoka kwa WordPress yenyewe.

Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, ukipakia JPEG ambayo upande wake mmoja unazidi pikseli 2560, WordPress inatengeneza nakala iliyopunguzwa hadi 2560 na kuitumia hiyo. Utaitambua kwa neno -scaled mwishoni mwa jina. Faili yako ya awali inabaki kwenye seva ila haionyeshwi. Zaidi ya hapo inatengeneza nakala ndogondogo za upana mbalimbali, 300, 768, 1024 na kuendelea, na za JPEG zinahifadhiwa kwa ubora wa 82 kati ya 100. Ukichagua saizi ya Large wakati wa kuingiza picha, unapata nakala ya 1024, siyo picha yako. Chagua Full.

Kwa kipimo cha mwanzisha uzi kuna tahadhari hapo. WordPress humpa kivinjari orodha ya nakala zote, na kivinjari kinachagua kulingana na skrini. Picha utakayoihifadhi kutoka kwenye simu inaweza kuwa tofauti na ya kompyuta kwenye ukurasa uleule. Pimeni kwenye vyote viwili kabla ya kutoa hukumu.

SVG WordPress huikataa kwa kawaida, na ina sababu: faili ya SVG inaweza kubeba msimbo unaojiendesha ndani ya kivinjari cha msomaji. Zipo programu-jalizi zinazosafisha SVG kabla ya kuipokea. Msifungue mlango huo kwa watumiaji wote wa tovuti, wapeni wahariri mnaowaamini tu.

Na kwa anayetaka uhakika kwamba faili haijaguswa, tumieni amri ya sha256sum kwenye Linux au certutil -hashfile kwenye Windows, zinatoa alama inayoitambulisha faili. Alama zikifanana, faili ni ileile, mjadala umefungwa.

---

MsomajiWaSimu

Naomba nipingane kidogo, mwalimu. Mimi ni upande wa wanaosoma. Kozi nazisoma kwa simu na data nanunua mwenyewe. Nikiona mtu anashauri picha ziwe mara mbili, najiuliza kama ameshawahi kungoja ukurasa wenye picha kumi na tano ufunguke kwenye mtandao dhaifu. Afadhali picha yenye ukungu kidogo inayofunguka kuliko safi isiyofunguka.

---

Mkufunzi_Michoro

Ndugu yangu, hoja yako ni ya msingi na naichukulia kwa uzito wote. Ila ubora na uzito ni vitu viwili.

Chukua picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000. Hizo ni pikseli milioni 12. Walimu wengi huipakia hivyohivyo wakiamini kubwa ndiyo bora. Nikiishusha hadi 1600 kwa 1200 zinabaki milioni 1.92, chini ya moja ya sita. Kwako wewe kwenye simu itaonekana safi sawasawa, kwa sababu skrini yako haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo kwenye safu ile. Kwa hiyo kushauri mara mbili ya nafasi, kwa kozi nyingi, ni kushauri faili ndogo kuliko zilizopo sasa.

Mara mbili pia inavumilia kubanwa zaidi. JPEG ya 1600 iliyohifadhiwa kwa ubora wa 60 au 70, ikionyeshwa ndani ya nafasi ya 800, kasoro zake zinapungua nusu pamoja na picha. Mara nyingi inapendeza kuliko ya 800 kwa ubora wa 95, na uzito wake haupishani sana. Jaribuni wenyewe kwenye Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari na inawaonyesha kabla na baada pamoja na uzito. Kama programu yenu inakubali WebP, aina nyingine ya faili ya picha, mtapunguza zaidi, ila kwa mchoro wenye maandishi chagueni WebP ile isiyopoteza kitu. Ile inayopoteza huhifadhi rangi kwa nusu daima, kwa hiyo herufi za rangi zitaumia kama nilivyosema juu.

Na kuna kitu kimoja ambacho ningependa kila mtengeneza kozi akifanye kwa ajili ya mtu kama wewe: kutoa maandishi ndani ya picha. Nimeona kozi ambazo ufafanuzi mzima wa mada umepigwa picha ya skrini na kubandikwa. Andika maandishi kama maandishi. Yatakuwa mepesi, hayatakuwa na ukungu kamwe, mtu ataweza kuyakuza, kuyatafuta, na asiyeona ataweza kuyasikiliza. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa za wavuti zifikike kwa watu wenye ulemavu, umelisema hili tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008.

---

MsomajiWaSimu

Hapo kwenye maandishi umenigusa, mwalimu. Jedwali la picha kwenye simu ni mateso, ukilikuza linatoka nje ya skrini na bado halisomeki. Nimekuelewa kwenye uzito pia.

---

BiMaabara

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi nafundisha histolojia, somo la tishu za mwili chini ya hadubini. Kwangu kanuni ya 1600 haitoshi. Mwanafunzi anatakiwa aone tishu nzima kwanza, halafu asogee hadi kwenye kiini cha seli. Nikipunguza picha hadi 1600, kiini kinakuwa doa. Nikiacha picha nzima, programu inagoma au ukurasa unachukua muda mrefu mno. Mnanishauri nini?

---

Mkufunzi_Michoro

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na nafurahi umelileta. Kwa picha kama zako, ubora una maana nyingine: mwanafunzi aweze kuona seli. Kanuni ya mara mbili ya nafasi ni ya picha inayotazamwa ikiwa imetulia. Picha inayochunguzwa inataka njia yake.

Njia nyepesi ni kuigawa kimafundisho. Weka picha ya tishu nzima kwa 1600, chora juu yake mraba kuonyesha sehemu, halafu chini yake weka kipande hicho kilichokatwa kutoka kwenye picha ya awali, nacho kwa 1600. Zingatia kukata, siyo kukuza. Unaifungua ile kubwa na kuchukua pikseli zake halisi za eneo hilo. Mwanafunzi anapata ukaribu wa kweli na ukurasa unabaki mwepesi. Kwa mada nyingi hii inatosha, na wakati mwingine inafundisha vizuri zaidi kwa sababu wewe ndiye unayeongoza jicho lake. Usisahau kuweka mstari wa kipimo, wa mikromita, ndani ya kila kipande, maana ukiandika "mara 400" na picha ikapunguzwa na skrini, namba hiyo haina ukweli tena.

Kama una skani ya slaidi nzima ya hadubini, yaani kioo chenye tishu, ambazo hufika makumi ya maelfu ya pikseli kwa upande, usiipakie kwenye kozi kabisa. Picha ya namna hiyo hukatwa vigae vidogo, mara nyingi vya pikseli 256, katika ngazi kadhaa za ukaribu. Kivinjari kinaleta vigae vya eneo analolitazama mwanafunzi tu, kama ramani za mtandaoni zinavyofanya. Kitazamaji cha OpenSeadragon ni huru na cha bure, na libvips inaweza kukata vigae kwa amri moja. Vigae vinakaa kwenye seva ya taasisi, ndani ya kozi unaweka kiungo au dirisha dogo la kitazamaji. Hapo utahitaji mtu wa aina ya fundi_seva.

---

fundi_seva

Nipo, BiMaabara. Amri yenyewe ni vips dzsave, ikifuatiwa na jina la picha na jina la folda ya vigae. Hifadhi picha ya chanzo kama TIFF au PNG, usianzie kwenye JPEG iliyokwisha kubanwa. Kwa vigae vyenyewe JPEG ya ubora wa 85 au 90 inafaa kwa tishu zilizotiwa rangi. Na mwombe msimamizi aruhusu kozi kufungua dirisha la anwani ile, kozi nyingi huzuia madirisha ya nje kwa usalama.

---

BiMaabara

Ahsanteni sana. Naanza na njia ya kukata vipande, ya vigae nitaipeleka kwa idara. Swali dogo la mwisho: picha zangu za hadubini zikiingia kwenye kozi waridi inapauka. Haina ukungu, rangi tu imekufa.

---

Mkufunzi_Michoro

Hiyo ni wasifu wa rangi. Kamera au programu ya hadubini inaweza kuhifadhi kwa nafasi pana ya rangi, Adobe RGB kwa mfano, na kuandika wasifu huo ndani ya faili. Programu ya kozi ikipokea na kufuta maelezo ya ndani ili kupunguza uzito, wasifu unaondoka na kivinjari kinasoma namba zilezile kana kwamba ni sRGB, nafasi ya rangi ya kawaida ya wavuti. Ndipo rangi inapopauka. Geuza picha iwe sRGB kabla ya kupakia. Sema geuza, maana programu nyingi zina amri mbili: moja inabadilisha namba za rangi zilingane na wasifu mpya, nyingine inabandika jina la wasifu tu bila kugusa namba. Unataka ya kwanza. Kwenye GIMP zote mbili zimo kwenye menyu ya picha, chini ya usimamizi wa rangi.

Kufutwa huko kwa maelezo ya ndani ndiko pia kunakosababisha picha za simu kulala ubavu zikipakiwa. Simu huandika "zungusha" ndani ya faili badala ya kuzungusha pikseli. Ifungue kwenye programu ya picha, ihifadhi ikiwa imesimama.

---

Slaidi_na_Somo

Wakuu, mimi michoro yangu yote nachora kwenye PowerPoint. Nikiihifadhi slaidi kama PNG inatoka pikseli 1280 kwa 720 na herufi ndogo hazipendezi. PNG si haipotezi kitu?

---

Mkufunzi_Michoro

PNG haipotezi inachopewa, ndugu. Tatizo PowerPoint imeipa kidogo. Slaidi ya kawaida ina upana wa inchi 13.33, na kwenye Windows inatolewa kwa pikseli 96 kwa kila inchi, ndiyo unapata 1280. Kama una toleo jipya, chagua maumbo yote ya mchoro, bofya kulia, hifadhi kama picha, chagua SVG. Kama programu ya kozi haipokei SVG, ifungue kwenye Inkscape na uitoe PNG kwa upana unaoutaka wewe. Njia nyingine ni kuhifadhi slaidi kama PDF, kisha kuigeuza PNG kwa 200 kwa inchi, utapata kama 2667 kwa upana. Hapo namba ya DPI ina kazi, kwa sababu unatoka kwenye inchi kwenda kwenye pikseli. Ukihifadhi PDF chagua ubora wa kawaida, usichague ile ya saizi ndogo kabisa.

---

mhariri_wa_kozi

Nimesoma uzi wote. Mimi nimerithi kozi yenye mamia ya picha zenye ukungu na faili za awali hazipo, aliyezitengeneza ameshaondoka. Kuna programu za akili bandia zinazokuza picha na kuifanya kali. Nizitumie zote kwa mkupuo?

---

Mkufunzi_Michoro

Kwa picha za mapambo, picha ya darasa, picha ya jengo, tumia. Kwa picha zinazofundisha, tafadhali usifanye hivyo kwa mkupuo. Programu hizo hazirudishi kilichopotea, zinabuni kinachofanana nacho. Herufi yenye ukungu inaweza kurudi ikiwa kali na ikiwa herufi nyingine. Namba 3 ikawa 8 kwenye grafu na hakuna atakayegundua, kwa sababu sasa inaonekana safi. Kwa eksirei, ramani au picha za hadubini hilo ni hatari kabisa. Ukungu wa awali angalau ulimwambia mwanafunzi kwamba hapa hapasomeki.

Kabla ya yote omba msimamizi wa mfumo aangalie kama faili za awali zingali kwenye seva. Kwenye WordPress, kama alivyosema fundi_seva, mara nyingi zipo, ni nakala ndogo ndiyo inayoonyeshwa. Kwenye Rise na Storyline mtafute mwenye mradi wa chanzo, usihangaike na kozi iliyochapishwa. Angalia pia slaidi za zamani kwa ile njia ya .zip.

Zitakazobaki, anza na zile ambazo maswali ya mtihani yanazitegemea, halafu zile wanafunzi wanazoziulizia. Michoro na grafu zichore upya, kwenye Inkscape mchoro wa kawaida hauchukui muda mrefu. Majedwali yaliyopigwa picha yaandike upya kama majedwali. Zikiisha hizo, weka folda moja ya picha za chanzo, SVG na PNG kamili, kwa majina yanayoeleweka, na uiunganishe na kozi ili atakayekuja baada yako aikute.

---

mhariri_wa_kozi

Nimemwandikia msimamizi leo hii, ameniambia folda ya faili za awali ipo na ina nakala kubwa za picha nyingi. Naanza na za mtihani wa moduli ya pili. Nikikwama kwenye Inkscape nitarudi hapahapa kuuliza.